Shajara ya mradi: albamu kumi huru za mwaka 2019, zilivyopimwa Kampala

Mradi huu unatafuta albamu kumi bora za muziki huru na mbadala za mwaka 2019. Wasikilizaji ni tisa, chumba ni kimoja, kipo Ntinda, matokeo yatachapwa kwenye kijitabu cha Kiswahili, na nyimbo zitapigwa ukumbini mbele ya watu. Mwaka wenyewe haukuokotwa njiani. Mwaka 2019 lebo mbili za Kampala, yaani kampuni za kutoa rekodi, Nyege Nyege Tapes na dada yake Hakuna Kulala, zilitoa mfululizo wa kazi ambazo msomaji wa Kiswahili anasoma jalada bila mkalimani: Tatizo Pesa, Kubali, Uingizaji Hewa, Mateso. Nyimbo hizo tumezoea kuzisikia usiku, katikati ya sherehe, DJ akizichanganya na nyingine. Hapa zitasikilizwa kama albamu, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, zikiwa bega kwa bega na kazi za Niger, London na Marekani za mwaka huo huo.

Wiki ya 1: nani anaingia

Neno "huru" lilichukua kikao kizima. Watu hulitumia kama jina la mtindo, lakini asili yake ni umiliki: rekodi ni ya nani. Kampuni kubwa za muziki duniani ni tatu, Universal, Sony na Warner. Kanuni tuliyoichukua ni ile ya chati rasmi ya muziki huru ya Uingereza tangu mwaka 2009: angalau nusu ya lebo iwe mikononi mwa wasio kampuni hizo, hata kama kampuni kubwa ndiyo inayosambaza. Kwa kanuni hiyo Titanic Rising ya Weyes Blood imepita kwa kukwangua mlango, maana lebo yake, Sub Pop ya Seattle, asilimia 49 ni ya Warner.

Aliyebaki nje ni Michael Kiwanuka, na huo ndio uamuzi uliouma. Wazazi wake walitoka Uganda wakikimbia utawala wa Idi Amin, albamu yake ya 2019 inaitwa KIWANUKA kwa herufi kubwa zote, na mwaka 2020 ilishinda tuzo ya Mercury ya Uingereza. Ni albamu nzuri mno. Ila ilitoka Polydor, na Polydor ni ya Universal. Tukimpitisha kwa mapenzi ya ukoo, kesho hatutakuwa na neno la kumwambia anayetaka kuingiza albamu nyingine ya Universal. Atapewa ukurasa wake kwenye kijitabu, nje ya orodha.

Mwaka unaohesabiwa ni wa kutolewa, si wa kurekodiwa. Ekuka, ile ya Ekuka Morris Sirikiti, mpiga lukeme (kinanda cha vidole gumba) wa Lango, imeondolewa kwa sababu ilitoka 2018. EP, yaani rekodi fupi kuliko albamu, zinaingia, mradi lebo imeiuza kama kazi moja yenye jina lake. Bila kanuni hiyo tungepoteza Biiri ya Nihiloxica na Tomo ya Slikback, na orodha ya 2019 inayotoka Kampala bila hizo mbili ingekuwa na pengo.

Rundo la mwisho ni kazi 14: Kubali (MC Yallah na Debmaster), Biiri, Tomo, Mateso (Sisso), Tatizo Pesa (Jay Mitta), Uingizaji Hewa (Duke), The Return (Sampa the Great), Grey Area (Little Simz), Ilana (Mdou Moctar), Amadjar (Tinariwen), U.F.O.F. na Two Hands (zote za Big Thief), Titanic Rising, na Purple Mountains.

Wiki ya 2: kununua na kukagua faili

Kazi za lebo za Kampala zimenunuliwa Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni. Jukwaa hilo hukata asilimia 15 ya mauzo ya faili pamoja na ada ya malipo, na kinachobaki kinakwenda kwa lebo au msanii. Malipo ni kwa kadi au PayPal, kwa hiyo mwenye pesa ya simu peke yake atahitaji kwanza kadi. Baada ya kulipa unachagua umbo la faili. Chagua FLAC, umbo linalobana faili bila kutupa sauti yoyote. Kutoka FLAC unaweza kutengeneza MP3 wakati wowote, lakini MP3 ikishatupa sehemu ya sauti hairudi.

Hesabu ya bando ifanywe kabla ya kuanza. Sauti ya CD isiyobanwa hula kilobiti 1,411 kwa sekunde, yaani takriban megabaiti 10 kwa dakika. FLAC huibana ikabaki kama asilimia 60, kwa hiyo albamu ya dakika 40 ni karibu megabaiti 250, na rundo la 14 ni gigabaiti 3.5 au zaidi kidogo. MP3 ya kilobiti 320 ni megabaiti 96 kwa albamu hiyo hiyo. Muziki uliojaa sauti bila nafasi, kama singeli, ule wa kasi wa Dar es Salaam, haubaniki sana kwenye FLAC, kwa hiyo acha akiba.

Mtandao ulikatika mara mbili katikati ya kupakua. Furushi moja lilikataa kufunguka kabisa, na hilo si tatizo kwa kuwa linajitangaza. La hatari ni faili linalofunguka, likapiga dakika tatu, kisha likanyamaza. Kila faili la FLAC lina alama ya ukaguzi ya sauti yake ndani, na amri ya flac -t huilinganisha. Iendeshe kwenye folda nzima kabla ya kumwita msikilizaji yeyote. Faili mbili zilianguka, zikapakuliwa upya.

Maandishi ya utambulisho yaliyo ndani ya faili nayo yana mtego. Sehemu ya "msanii wa albamu" ikiwa tupu, kicheza muziki huipasua albamu yenye wageni wengi vipande vipande, kila mgeni na albamu yake. Kubali, yenye majina mawili, na The Return, yenye wageni wengi, ndizo zilizopasuka. Dawa ni kujaza sehemu hiyo kwa maandishi yale yale kwenye nyimbo zote, hata nafasi kati ya maneno ziwe sawa.

Kununua faili si ruhusa ya kulipiga hadharani. Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya Uganda ya mwaka 2006 inatenganisha mambo hayo mawili, na leseni ya kupiga muziki mbele ya watu inashughulikiwa na UPRS, chama cha kukusanya mirabaha ya wanamuziki. Ombi liandikwe mapema, likitaja ukumbi na tarehe.

Wiki ya 3: kura ya majaribio kwa simu (imefutwa)

Ili kuokoa muda, duru ya kwanza ilisikilizwa majumbani kwa spika za simu. Matokeo yalikuwa haya: Grey Area na Titanic Rising juu kabisa, Ilana katikati, Biiri na Tomo mkiani. Kabla ya kuyaamini tulikaa na Biiri peke yake, simu mkono mmoja na vipokea sauti vya masikioni mkono wa pili.

Nihiloxica wanajenga juu ya ngoma za Buganda. Engalabi ni ngoma ndefu, nyembamba, iliyowambwa ngozi ya kenge, na sauti yake ni kali na ya juu. Empuunyi ni ya chini, inapiga polepole, na ndiyo inayoshika ardhi. Spika ya simu haina nguvu ya maana chini ya hezi 300 hivi (hezi ni mitetemo kwa sekunde, na ikiwa michache sauti ni ya chini). Kwa hiyo simu ilikuwa inatoa engalabi safi kabisa, na empuunyi haipo. Mdundo ambao Muganda yeyote angeutambua ulisikika kama unachechemea, kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa umekatwa. Besi ya sinthesaiza iliyo chini ya ngoma nayo ilikwenda na maji.

Tomo imedhulumiwa kwa njia hiyo hiyo, maana Slikback, Mkenya, anaandika nusu ya hoja yake kwenye besi ya chini kabisa. Grey Area haikudhurika sana kwa sababu Little Simz anabeba wimbo kwa maneno, na maneno yanaishi mahali ambapo simu inafika. Kura yote imefutwa. Kura ya simu hupima kimo cha sauti ya albamu: iliyo juu hupita, iliyo chini huzama.

Wiki ya 4: chumba

Chumba ni mita 5 kwa 4, dari mita 2.7, kuta za saruji iliyopigwa lipu, juu ya dari kuna mabati. Kikiwa kitupu, kofi moja liliendelea kulia karibu sekunde 2. Hesabu inakubaliana na sikio: 0.161 mara ujazo (mita za ujazo 54) ni 8.7, gawanya kwa eneo la ufyonzaji. Chumba kisichofunikwa, chenye watu watatu na viti tu, kina kama mita za mraba 4.5 za ufyonzaji, jibu ni sekunde 1.9.

Hilo ni kosa kwa muziki wowote, lakini kwa singeli ni kifo. Singeli hukimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Kwenye mapigo 240, pigo moja lina robo sekunde. Chumba kinacholia sekunde 2 kinapanga mapigo manane juu ya mengine, na kinachobaki ni mvumo. Albamu ya mapigo 80 kwa dakika ingevumilia, na wasikilizaji wangesema singeli "ni kelele tu", wakati kelele ni ya ukuta.

Kilichofanyika: magodoro manne ya futi 6 kwa 3, unene inchi 6, yamesimamishwa kwenye pembe na nyuma ya wasikilizaji. Mablanketi mazito ya mtumba kutoka soko la Owino, mita za mraba 16, yametundikwa sentimita 10 kutoka ukutani. Nafasi hiyo ya nyuma ni muhimu, maana blanketi lililogandishwa ukutani hufyonza sauti za juu tu. Zulia la mita 10 za mraba limewekwa kati ya spika na viti. Ufyonzaji umefika mita za mraba 21 hivi, na mlio umeshuka hadi sekunde 0.4. Trei za mayai ziliwahi kupendekezwa, zikakataliwa. Ni karatasi nyepesi, hazifanyi kitu kwenye besi na ni kidogo mno kwenye sauti za kati.

Besi ina tabia yake ambayo mablanketi hayaigusi. Urefu wa mita 5 huleta mvumo wa hezi 34, upana wa mita 4 huleta 43, dari huleta 64. Anayekaa katikati kabisa ya urefu wa chumba hasikii hezi 34, na aliyeegemea ukuta wa nyuma anazipata kwa mafungu. Viti vimewekwa mita 1.9 kutoka ukuta wa mbele, na spika zimesogezwa karibu na ukuta huo ili pembetatu ya spika na msikilizaji iwe sawa pande zote. Mahali pazuri panatosha watu watatu tu. Kwa hiyo watu tisa ni duru tatu, na hakuna kiti cha nyuma. Jaribio la kukaa sita lilionyesha kwamba safu ya nyuma inaipa alama kubwa kila albamu yenye besi.

Wiki ya 5: kusawazisha sauti

Hapa ndipo orodha nyingi za mwaka huharibikia bila mwenye orodha kujua. Ukimpigia mtu muziki ule ule mara mbili, mara ya pili umeongezwa desibeli moja tu, atasema ya pili ni nzuri zaidi, ina uhai zaidi. Hatasema ni kubwa zaidi. Rekodi za kisasa zenye nguvu husoma kati ya -6 na -9 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti, na iliyo karibu na sifuri ndiyo kubwa), za upole husoma -12 hadi -14. Ukiziweka kwenye mstari bila kuzisawazisha, umeshapiga kura kabla ya wasikilizaji kufika.

Hatua ni hizi. Endesha rsgain easy kwenye folda kuu. Inapima kila wimbo na kila albamu, inaandika ndani ya faili ni kiasi gani cha kupunguza ili kufika -18 LUFS, na haigusi sauti yenyewe. Kisha kicheza muziki kiambiwe kusoma maandishi hayo. Sisi tunatumia kicheza muziki cha MPD kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo, na katika faili la mipangilio mstari wa replaygain lazima uwe "album". Usipouandika, MPD haisawazishi chochote, na wala haitoi onyo.

Ukiandika "track" badala ya "album" utapata uharibifu wa aina nyingine. Kila wimbo unaletwa kwenye ukubwa mmoja, hivyo kipande kifupi cha mnong'ono kati ya nyimbo mbili kinapaa hadi kulingana na wimbo wa kelele. U.F.O.F. ilisikilizwa hivyo kwa bahati mbaya, na pumzi zake zote zilipotea. Kikao hicho kimerudiwa.

Kipimo cha LUFS chenyewe hakina haki kamili. Kinapunguza uzito wa besi ya chini kabisa na kuongeza ule wa sauti za juu, kwa kuiga sikio. Matokeo yake singeli, yenye vinanda vikali vya juu, inahesabiwa kuwa kubwa na kushushwa zaidi, na Tomo, yenye besi nzito, inahesabiwa kuwa ndogo na kuachwa na nguvu zaidi. Baada ya mashine, watu wawili walirekebisha kwa sikio, kila albamu isizidi desibeli moja juu au chini, na marekebisho yakaandikwa.

Ukubwa ndani ya chumba umewekwa desibeli 75 kwenye kiti cha kati, kwa kelele sawia ya majaribio iliyosawazishwa -18 LUFS. Kipimo ni programu ya simu. Simu haijapimwa maabara, lakini kinachotakiwa ni simu ile ile, mahali pale pale, kila asubuhi.

Umeme: amplifaya ya volti 12 na Pi vinakula wati 40 hivi kwa pamoja. Betri ya 12V 100Ah ina wati-saa 1,200, na ukitumia nusu tu ili isife mapema unapata saa 15. Kutumia betri kumeondoa pia mvumo wa hezi 50 uliokuwa ukitoka kwenye chaja. Pi ilizima mara tatu kwa sababu ya waya mwembamba wa USB, ikaponywa na waya mfupi na mnene. Kadi ya SD imewekwa hali ya kusomwa tu, kwa kuwa kukatika kwa umeme wakati wa kuandika ndiko kunakoua kadi.

Wiki ya 6

Mvua. Mabati yakipigwa, hakuna kipimo chochote. Vikao vyote vimehamishiwa asubuhi, saa tatu hadi saa saba, kwa sababu mvua kubwa za msimu huu Kampala hupenda alasiri.

Wiki ya 7: singeli na Kubali

Ndani ya chumba kilichofunikwa, albamu tatu za Dar es Salaam zilitengana kwa mara ya kwanza. Awali watu walizitaja kwa pumzi moja. Singeli ilizaliwa mitaa ya uswahilini, ikirithi mchiriku, mtindo ulioitangulia, na vinanda vyake vya bei rahisi, na studio ya Sisso ipo Mburahati. Sisso na Jay Mitta wanatoka studio hiyo, na Duke ni wa Pamoja Records. Ukisikiliza haraka utasema kasi ni moja. Ukisikiliza kwa sauti iliyosawazishwa, Mateso inakaba: vipande vifupi vinarudiwa bila kupumua, na kinachobadilika ni rangi ya sauti, si wimbo. Tatizo Pesa ina furaha zaidi na nyuzi za kinanda zinazopanda na kushuka. Uingizaji Hewa ina nafasi. Duke anaondoa ngoma kwa mapigo machache, anaacha sauti moja ikining'inia, kisha anaangusha yote. Katika kasi hiyo ukimya wa nusu sekunde ni mrefu kama korido. Jina limepata kazi yake hapo, hewa inaingia kweli.

Kosa la kuepuka: kupiga singeli tatu mfululizo. Baada ya dakika 50 sikio huacha kuhesabu mapigo, na albamu ya tatu huadhibiwa kwa uchovu wa zile mbili. Tumetenganisha kila moja kwa albamu ya polepole. Hata hivyo kinyume chake pia ni mtego, kwa sababu Two Hands ikija mara baada ya Mateso inasikika kama imelala. Kila duru imepewa mpangilio wake, ili albamu isikae nyuma ya jirani mmoja mara tatu. Kikao kisizidi saa 2 bila mapumziko ya dakika 20.

Kubali ilipanda kuliko zote kutoka simu hadi chumba. MC Yallah anachana kwa Luganda, Kiswahili, Dholuo na Kiingereza, na anabadilisha lugha bila kubadilisha mwendo. Anayejua lugha mbili tu kati ya hizo anafuata mdomo wake hadi mahali maneno yanapoisha kueleweka, na bado hapotezi mstari. Debmaster, Mfaransa, amemwekea chini besi iliyokwaruzwa makusudi. Kwenye simu ule mkwaruzo ulibaki bila mwili, ukasikika kama spika imepasuka, na wasikilizaji wawili waliandika "rekodi mbovu". Chumbani mwili ulirudi, na hao wawili waliiweka ndani ya tatu bora. Jaribio moja lilituthibitishia ubora wa uchanganyaji wake: shusha sauti polepole hadi besi ipotee. Konsonanti za Yallah bado zinasomeka.

Albamu zilipigwa kwa herufi za siri, bila majina. Njia hii ilisaidia kwenye kazi zisizo na maneno tu. Sauti ya Yallah ilitambuliwa ndani ya sekunde chache na watu wote tisa, kwa hiyo kwake siri haikuwepo, na imeandikwa hivyo kwenye fomu.

Wiki ya 8: waliobaki

Ilana ilikaa pale pale ilipokuwa kwenye simu, kwa sababu gitaa la Mdou Moctar wa Niger lipo katikati ya masafa, mahali spika yoyote inapofika. Inafaa hivyo kwa mtu ambaye nyimbo zake za mwanzo zilisambaa Sahel kwenye kadi za simu. Ilirekodiwa Detroit akiwa na bendi kamili, na chumbani kilichoongezeka ni ngoma.

The Return ya Sampa the Great, aliyezaliwa Zambia na kukulia Botswana, inazidi saa moja kwa mbali. Duru ya kwanza iliisikiliza bila kusimama na theluthi ya mwisho ikapata maoni mafupi mafupi. Duru mbili zilizofuata zilipewa mapumziko katikati, na theluthi hiyo hiyo ikapata aya nzima.

Amadjar, iliyorekodiwa jangwani Mauritania, ilipendwa na haikupiganiwa. Purple Mountains inategemea maneno yake ya Kiingereza, na asiyeyafuata anasikia gitaa la kawaida tu. David Berman, mwimbaji na mtunzi wake, alifariki Agosti 2019, chini ya mwezi mmoja baada ya kutoka kwa albamu, na anayejua hilo hawezi kuyasikia maneno yale kama asiyejua.

Wiki ya 9: kura

Kila msikilizaji alipanga kumi zake. Ya kwanza pointi 10, ya kumi pointi 1, zilizoachwa sifuri. Hakuna aliyeruhusiwa kupiga kura kabla ya kumaliza zote 14 chumbani na kuzirudia mara moja kwa vipokea sauti. Wastani wa nyota haukutumika, kwa sababu mtu mkarimu na mtu mchoyo hawatoi nyota za uzito mmoja.

Big Thief waligawana kura zao wenyewe. U.F.O.F. na Two Hands zilitoka mwaka mmoja, Mei na Oktoba, zote kwa lebo ya 4AD. Kulikuwa na ombi la kuziunganisha, tukalikataa: ya kwanza ilirekodiwa jimbo la Washington kwenye miti na mvua, ya pili Texas karibu na mpaka wa Mexico, kwenye ukame, na bendi ilizitenga kwa makusudi.

Ya kwanza Kubali. Ya pili Uingizaji Hewa. Ya tatu Biiri, iliyokuwa mkiani kwenye simu. Ya nne Ilana, ambayo ilifungana na Mateso na kupita kwa kuwekwa namba moja na watu wengi zaidi, kwa hiyo Mateso ni ya tano. Ya sita Grey Area, fupi na isiyo na wimbo wa kujazia. Ya saba The Return, ya nane Two Hands, ya tisa Tatizo Pesa, ya kumi Tomo. Titanic Rising, iliyokuwa juu kwenye simu, imebaki nje kwa pointi chache. Ukisikiliza nyimbo zake moja moja hutaelewa kwa nini, ila ikikaa kati ya nyingine upangaji wake mzito wa ala hauna mahali pa kupumulia.

Tomo ingestahili kupanda zaidi. Ndiyo kazi iliyoteseka zaidi na ukubwa wa desibeli 75, kwa sababu besi ya chini huhitaji sauti kubwa ili sikio liipe haki yake. Desibeli 82 zingeisaidia, lakini zingewachosha wasikilizaji kwenye singeli.

Wiki ya 10: kijitabu na flashi

Kijitabu kitachapwa Nasser Road, mtaa wa wachapaji, ukubwa A5, kurasa 24. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4, la sivyo mchapaji atakuachia kurasa nyeupe mwishoni. Rasimu ya kwanza ilikuwa 22, na ukurasa wa Kiwanuka pamoja na ukurasa wa jinsi ya kusawazisha sauti nyumbani ndizo zilizojaza pengo. Majalada ya albamu hayachapwi bila ruhusa ya lebo, kwa hiyo kuna maandishi tu. Biiri iandikwe kwa b moja ikifuatwa na i mbili, kama kwenye jalada. Programu ya kuandikia iliigeuza mara nne, na msahihishaji anayejua Luganda akaigeuza kuwa bbiri, neno sahihi la "mbili", ambalo ndilo asili ya jina lakini silo jina.

Flashi ya ukumbini imebaki. Amplifaya ya ukumbi haisomi FLAC wala maandishi ya kusawazisha, hivyo faili zimegeuzwa MP3 za kilobiti 320 na kupitishwa mp3gain kwa hali ya albamu, ambayo hubadilisha faili lenyewe kwa hatua za desibeli 1.5 na inaweza kurudishwa. Amplifaya hiyo inapiga nyimbo kwa mpangilio wa kunakiliwa, haifuati majina, kwa hiyo nakala zimefanywa wimbo mmoja baada ya mwingine kuanzia 01. Flashi haigawiwi kwa mtu. Kwenye kijitabu kila albamu ina jina la lebo yake na mahali pa kuinunua. Barua ya leseni imepelekwa, na tarehe ya ukumbi itaandikwa ikishajibiwa.